Jeni Isipoitika: Mwongozo wa Kubaini Anuwai za Kirusi cha Korona Maabara

Mashine ya PCR imemaliza mizunguko yake, unafungua matokeo, na sampuli moja inakutatiza. Jeni mbili zimeitika mapema na michoro yake imepanda vizuri. Ya tatu iko kimya. Wengi wetu tulizoea kuihesabu hali hiyo kuwa kasoro: rudia kipimo, badili vitendanishi, mpigie simu msambazaji. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, usome kwanza ukimya huo. Novemba 2021 wataalamu wa maabara binafsi ya Lancet huko Gauteng, Afrika Kusini, waliona jeni moja ikikosekana katika sampuli nyingi zaidi kuliko kawaida. Sampuli zikasomwa jinomu, na tarehe 24 ya mwezi huo nchi yao ikaliarifu Shirika la Afya Duniani. Siku mbili baadaye anuwai hiyo ikapewa jina la Omicron.

Mwongozo huu ni wako wewe mtaalamu wa maabara ya rufaa, ya mkoa au ya kaunti, mwenye mashine ya PCR lakini usiye na mashine ya kusoma jinomu. Ni wa ofisa ufuatiliaji wa magonjwa pia, anayepokea karatasi zako na kuamua hatua. Kuna jambo moja ninalotaka ulishike tangu sasa: kipimo cha kuchuja anuwai kinakupa shaka yenye msingi, na shaka hiyo ina tarehe. Ishara iliyomaanisha jambo fulani Januari yaweza kumaanisha jingine Aprili, kwa mashine ileile na mikono ileile. Anayeisahau tarehe atatoa majibu yasiyo kweli huku kila hatua ya kazi yake ikiwa sahihi.

Jua kipimo chako kinatazama wapi

Jinomu ya SARS-CoV-2 ina herufi 29,900 hivi za RNA. PCR ya kawaida haizisomi herufi hizo zote. Inatafuta vipande viwili au vitatu vifupi tu, na kila kipande kina praima mbili za kukiwekea mipaka na probu inayolala katikati. Probu imebeba rangi inayong'aa upande mmoja na kizima-mwanga upande wa pili. Vikiwa karibu, hakuna kinachoonekana. Kimeng'enya kinachonakili kikiikuta probu imeshika mahali pake, kinaikata, rangi inaachana na kizima-mwanga, na mashine inaona mwanga. Idadi ya mizunguko inayohitajika hadi mwanga huo uvuke mstari ndiyo thamani ya Ct. Ct ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Tofauti ya mizunguko 3.3 hivi ni sawa na tofauti ya mara kumi ya wingi.

Sasa chukua kirusi ambacho herufi zake sita, kuanzia ya 21765 hadi ya 21770, zimedondoka wakati wa kujinakili. Protini ya mwiba inakosa asidi amino mbili, ya 69 na ya 70. Kirusi kinaendelea kuambukiza bila shida, ila probu iliyoundwa kushika hapo haina tena pa kushika. Seti ya TaqPath, inayotazama ORF1ab, N na S, ina probu ya S mahali hapohapo. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Lakini kwa kuwa maabara kubwa zilizokuwa zikipima umma nchini Uingereza zilitumia seti hiyo, mwishoni mwa 2020 wataalamu waliweza kuifuata anuwai ya Alpha eneo kwa eneo kwa kuhesabu tu matokeo ambayo ORF1ab na N zimeitika na S imenyamaza.

Kazi yako ya kwanza, basi, haihitaji hata kuvaa glavu. Toa karatasi ya maelekezo ya seti unayotumia na utafute sehemu inayotaja shabaha zake. Seti ya Xpert Xpress ya korona, inayotumia mashine za GeneXpert ambazo hospitali zetu nyingi zilizipata kwa ajili ya kifua kikuu, ilianza na jeni E na N2. Cobas ya Roche ilianza na ORF1ab na E. Hivyo ni vipimo vizuri vya kumwambia mgonjwa kama ana korona au hana. Lakini hakuna hata kimoja kitakachokuonyesha ukimya wa S, kwa sababu hakiiangalii S kabisa. Vipimo vya haraka vya antijeni navyo ni hivyohivyo: mstari wa pili ukitokea, umejua kuna kirusi, basi. Maabara yenye seti za namna hii ikiandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba "anuwai mpya haijaonekana", imeandika juu ya kitu ambacho haikuwa na macho ya kukiona, na mganga mkuu atakayeisoma ataamini amehakikishiwa.

Andika shabaha za seti yako kwenye karatasi na uibandike juu ya mashine, pamoja na toleo lake. Watengenezaji hubadilisha shabaha katika toleo jipya na jina likabaki karibu lilelile. Sanduku jipya likija, linganisha kabla hujalifungua.

Kutafuta badiliko moja moja

Njia ya pili ni ya makusudi zaidi. Sampuli ikishathibitika kuwa chanya, unachukua RNA iliyobaki na kuipima tena kwa seti inayouliza swali moja: katika herufi fulani, kirusi hiki kina herufi ya asili au iliyobadilika? Mfano unaojulikana sana ni N501Y. Herufi ya 23063 imetoka A ikawa T, na hapo asidi amino ya 501 ya mwiba ikatoka asparajini ikawa tirosini. Seti inaweka probu mbili katika kishimo kimoja, kila moja na rangi yake: moja inashika ya asili, nyingine inashika iliyobadilika. Rangi inayopanda ndiyo jibu.

Seti nyingine hutumia joto. PCR ikiisha, mashine inapandisha joto polepole na kupima ni digrii ngapi probu itaachia. Probu iliyolingana barabara hung'ang'ania hadi joto la juu zaidi. Yenye herufi moja isiyolingana huachia digrii kadhaa mapema. Hapa kuna mtego: seti nyingine zina probu inayolingana na kirusi cha asili, nyingine zina probu inayolingana na kilichobadilika. Ukidhani ni ile kumbe ni hii, utageuza majibu ya pleti nzima. Kontroli mbili, ya asili na ya badiliko, zitakuokoa, mradi uzisome kabla ya sampuli za wagonjwa.

Hakuna badiliko ambalo ni mali ya anuwai moja, na ndiyo sababu tunasoma mseto. N501Y limo katika Alpha, Beta, Gamma na Omicron, lakini halimo katika Delta. L452R liliitambulisha Delta mwaka 2021, kisha likarudi mwaka 2022 ndani ya BA.4 na BA.5, matawi ya Omicron. K417N limo katika Beta na Omicron, na mahali hapohapo Gamma ina K417T. E484K limo katika Beta na Gamma. P681R ni la Delta, na P681H ni la Alpha na Omicron. Ukipata N501Y pamoja na E484K na K417N mwanzoni mwa 2021, una haki ya kuishuku Beta. Ukipata N501Y peke yake, bado hujafika popote.

Inafaa tusimame kidogo kwenye nafasi ya 484. Omicron haina E484K, ina E484A. Ukiipima kwa seti ya E484K yenye probu mbili, ile ya asili haishiki vizuri, ya badiliko nayo haishiki vizuri, na programu ya mashine inaandika kwamba matokeo hayakusomeka. Maabara nyingi huweka matokeo ya namna hiyo kwenye kapu moja na sampuli zilizoharibika. Usifanye hivyo. Sampuli yenye Ct ya 19, yenye kontroli zote sawa, ikikataa probu zote mbili mahali pamoja, imekuambia kwamba hapo kuna herufi ambayo mtengenezaji wa seti hakuitarajia. Iandike katika safu yake ya peke yake na uihesabu kila wiki.

Karatasi moja, sampuli nne

Tuseme tuko katika mwezi ambao anuwai inayotawala ina jeni S kamili, na seti yako inatazama ORF1ab, N na S. Mbele yako kuna sampuli nne. Ni mfano niliouunda, lakini kila moja ya hizo utakutana nayo.

Ya kwanza ina ORF1ab 19.1, N 18.8, S hakuna. Virusi ni vingi, jeni mbili zimeitika pamoja, na ya tatu haikuitika hata mwishoni. Hii ndiyo ishara safi. Iweke kando kwa ajili ya kusomwa jinomu.

Ya pili ina 21.0, 20.6 na 21.3. Zote tatu ziko pamoja. Katika mwezi huu ni ya kawaida, ingawa usiitupe. Nitakuambia kwa nini.

Ya tatu ina ORF1ab 34.6, N 33.9, S hakuna. Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Virusi vilivyobaki kwenye sampuli ni vichache mno, na kwa uchache huo jeni yoyote inaweza kukosekana kwa bahati tu. Mgonjwa huyu huenda anakaribia kupona, au kijiti hakikufika nyuma ya pua. Uingereza ilipokuwa ikiifuata Alpha, ilihesabu ukimya wa S pale tu ORF1ab na N zilipokuwa na Ct ya 30 au chini yake. Chukua kigezo hicho, kiandike kwenye utaratibu wa kazi wa maabara yako, na usikilegeze kwa sababu wiki hii umepata ishara chache. Sampuli hii ni chanya kwa korona, na kwa anuwai haisemi kitu.

Ya nne ndiyo ngumu: ORF1ab 18.2, N 18.0, S 31.5. Jeni S haikunyamaza, imechelewa. Tofauti ya mizunguko zaidi ya 13 ina maana S iliyomo ni kidogo karibu mara 10,000 kuliko jeni nyingine. Kirusi kimoja hakiwezi kuwa na N nyingi hivyo na S kidogo hivyo. Ama sampuli ina kirusi kisicho na sehemu ya S, ikadondokewa na tone la sampuli nyingine, ama mgonjwa ana virusi vya aina mbili, ama kuna herufi chini ya probu au praima inayofanya ishike kwa taabu. Angalia pleti. Ikiwa sampuli ya pili, yenye S imara, ilikaa kishimo cha jirani, anza kushuku pipeti. Toa RNA upya kutoka kwenye kichupa cha awali, uipime ikiwa mbali na sampuli yoyote yenye nguvu. S ikitoweka, ulikuwa uchafuzi. Ikirudi palepale 31, ipeleke ikasomwe na uandike ulichokiona.

Ishara na tarehe yake

Ukimya wa S umebadilika maana mara nyingi katika miaka michache. Mapema vuli ya 2020 huko Uingereza, sampuli nyingi zenye S kimya hazikuwa Alpha, kwa kuwa koo nyingine za kirusi hiki zilikuwa na upungufu uleule wa 69 na 70. Kufikia Desemba zaidi ya asilimia 95 zilikuwa Alpha. Delta ilipotawala 2021, S iliitika karibu kila mahali. Ndipo BA.1, ile Omicron ya kwanza, ikaja na upungufu wake, na kwa wiki kadhaa ukimya wa S ukawa ishara nzuri ajabu kwa kuwa Delta iliyokuwa ikiachia njia haikuwa nao. Kisha ikaja BA.2, Omicron vilevile, ikiwa na S kamili. Maabara iliyozoea kusema "S ipo, si Omicron" ikawa inakosea kila siku bila kubadilisha chochote. BA.4 na BA.5 zikarudisha ukimya katikati ya 2022, XBB ikauondoa, na JN.1, iliyotokana na BA.2.86, ikauleta tena mwishoni mwa 2023.

Hata pale ishara yenyewe isipobadilika, uzito wake hubadilika, na sababu ni hesabu. Tuseme una kipimo kizuri sana: kati ya sampuli 100 zenye anuwai unayoitafuta kinakamata 98, na kati ya 100 zisizo nayo kinazisafisha 98. Pima sampuli 1,000 wakati anuwai hiyo ni asilimia 1 tu ya maambukizi. Zenye anuwai ni 10, na karibu zote utazikamata. Zisizo nayo ni 990, na asilimia 2 yake, yaani kama 20, zitatoa ishara ya uongo. Una ishara 30 mezani, na 20 kati yake si za kweli. Rudia kipimo hichohicho mwezi ambao anuwai imefika nusu ya maambukizi: ishara za kweli 490, za uongo 10. Vitendanishi havikubadilika, wala mikono yako. Kilichobadilika ni kinachozunguka nje ya mlango wa maabara, na wewe ndani huwezi kukijua bila mtu anayesoma jinomu kukuambia. Omba taarifa ya koo zinazozunguka kutoka maabara ya taifa, kila wiki mbili au hata kila mwezi, na uibandike karibu na ile karatasi ya shabaha.

Naona Ufaransa ilipata njia yenye busara ya kuishi na tatizo hili. Kuanzia mwisho wa Mei 2021 maabara zake ziliacha kujibu kwa majina ya anuwai. Kila badiliko lilipewa herufi: A kwa E484K, B kwa E484Q, C kwa L452R. Kando ya herufi ikawekwa tarakimu: 0 halipo, 1 lipo, 8 halikusomeka, 9 halikutafutwa. Sampuli ya A0C1 katika kiangazi hicho ilishukiwa kuwa Delta. Mwishoni mwa mwaka huohuo A0C0 zilipoanza kuongezeka, zilikuwa dokezo la Omicron, ilhali kipimo chenyewe hakikuundwa kwa ajili ya Omicron. Kwa kuwa maabara ziliandika zilichokiona badala ya zilichokidhania, data ya zamani ingeweza kusomwa upya kwa macho mapya. Iga hilo. Halihitaji mashine wala fedha, linahitaji safu nne kwenye daftari.

Kabla ya kuuamini mchoro

Ya msingi unayajua, nayataja kwa kifupi. Kijiti kiingie kwenye kimiminika cha kusafirishia mara moja, sampuli ikae kati ya nyuzi 2 na 8 kwa saa 72 zisizidi, na ikizidi hapo iende nyuzi 70 chini ya sifuri. RNA iliyotolewa usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara. Igawe kwenye vichupa vidogo viwili au vitatu siku ileile, kimoja kikiwa maalumu kwa kusomwa jinomu. Kila pleti iwe na kontroli isiyo na RNA, kontroli iliyopitia hatua ya kutolea RNA, kontroli ya kirusi cha asili na ya kirusi chenye badiliko. Kosa moja nililokuta katika maabara zaidi ya moja ni kuchanganya vitendanishi katika chumba kilekile zinamofunguliwa pleti zilizokwisha kuzalishwa. Pleti iliyokwisha ina mabilioni ya nakala. Ikifunguliwa mara moja tu, vumbi lake litaishi kwenye pipeti zako kwa wiki. Tupa pleti ikiwa imefungwa.

Kabla hujaanza kutoa majibu kwa seti mpya ya kuchuja, ijaribu kwa sampuli ambazo jinomu zake zimekwisha kusomwa. Omba kwa maabara ya taifa sampuli za koo zinazozunguka sasa, zenye Ct za juu na za chini, uzipime bila kujua ni zipi, kisha linganisha. Zoezi hilo lirudiwe anuwai inayotawala inapobadilika. Mtengenezaji alifanya majaribio yake kwa virusi vya mwaka alioitengeneza seti, si kwa virusi vilivyoko kwenye foleni yako asubuhi hii.

Za kutuma na za kuandika

Kusoma jinomu ni ghali na kunachukua siku, na maabara zenye uwezo huo hazilingani na mahitaji. Kilifi, katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kazi hiyo ilianza mwaka 2020. Entebbe kuna taasisi ya utafiti wa virusi ya UVRI, Kinshasa na Goma kuna taasisi ya utafiti ya INRB, na nchi nyingine zimejenga uwezo wao tangu Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Afrika kilipozindua mpango wa jinomu Oktoba 2020. Nafasi yako huko ni finyu. Itumie vizuri: Ct ya chini ya 30, ujazo wa kutosha, na kila kichupa kiwe na tarehe ya kuchukuliwa, wilaya, umri, na kama mgonjwa alisafiri au aliwahi kuugua kabla.

Lakini usitume zenye ishara peke yake. Ukituma S zilizonyamaza tu, utajua kila kitu kuhusu S zilizonyamaza na hutajua kinachokua kimyakimya katika hizo nyingine. Mashariki mwa Afrika tuna mifano yetu. Kufikia Januari 2021 ukoo wa A.23.1 ulikuwa umetawala Uganda. Ulikuwa na badiliko la P681R kwenye mwiba, lakini haukuwa na N501Y wala upungufu wa 69 na 70, kwa hiyo maabara iliyotafuta Alpha na Beta pekee ingeupitisha kama kirusi cha kawaida. Februari mwaka huohuo wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa walipofika Angola. Jinomu zao zilikuwa za ukoo wa A wenye mabadiliko mengi kwenye mwiba. E484K lilikuwamo, N501Y halikuwamo. Koo zote mbili zilijulikana kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyesoma jinomu bila kungoja ishara. Kwa hiyo kila wiki chagua kwa bahati nasibu sampuli chache zisizo na ishara yoyote, uzitie kwenye boksi moja na zile za shaka. Ile sampuli ya pili kwenye karatasi yetu ni ya kundi hili.

Kwenye karatasi ya majibu tenganisha mambo mawili. La mgonjwa ni moja: kirusi cha korona kimeonekana au hakikuonekana. La anuwai liende kwa ofisa ufuatiliaji, likiandikwa kama lilivyoonekana: "Jeni S haikuitika, ORF1ab na N Ct chini ya 30, seti fulani, toleo fulani, tarehe fulani. Inasubiri kusomwa jinomu." Usiandike "mgonjwa ana Omicron". Daktari wa wodini hatabadilisha oksijeni wala deksamethasoni kwa ajili ya jina hilo, ila jina likishatamkwa kitandani litafika mtaani kabla ya jioni, na familia ndiyo itakayoubeba mzigo wa kunyooshewa vidole. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona heshima ya watu ikipotea kwa karatasi iliyoandikwa haraka.

Idadi ya ishara ina thamani kuliko ishara moja moja. Ukitoka kwenye ishara moja kati ya sampuli 100 wiki hii, ukafika sita wiki ijayo na kumi na tano wiki inayofuata, zote na Ct nzuri na kutoka vituo tofauti, usingoje majibu ya jinomu ndipo umwambie mtu. Piga simu. Kabla ya simu hakikisha tu kwamba hukubadilisha toleo la vitendanishi katikati, kwa kuwa toleo baya nalo hupandisha ukimya, na kwa kawaida hupandisha ghafla, kuanzia siku lilipofunguliwa.

Mbinu hii haikuanza na korona wala haitaishia hapo. Maabara zinazofuatilia mafua huuliza kwanza kama ni mafua ya aina A au B, kisha kama A ni H1 au H3. Aprili 2009 watoto wawili wa kusini mwa California walikutwa na mafua A ambayo hayakutambulika kuwa H1 ya msimu wala H3. Sampuli hizo mbili zisizotambulika ndizo zilizofichua kirusi cha H1N1 kilichoenea duniani mwaka huo. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba mtu amepata mafua ya aina ndogo mpya. Saa hizo ni za wizara, lakini wizara haiwezi kutathmini kitu kilichokaa kwenye friji yako. Kwa hiyo mafua A yenye Ct ndogo yasipotambulika, toa RNA upya na urudie mara moja tu. Yakibaki vilevile, ijulishe maabara ya taifa siku hiyohiyo, uulize kama mgonjwa anafuga kuku, bata au nguruwe, na uiandae sampuli kwenye vifungashio vya tabaka tatu ikisubiri gari.